Mwananchi Asiyeitwa kwa Jina: Uhakiki wa Lugha ya Matangazo ya UVIKO-19 kwa Jamii za Lugha za Wachache Pembezoni mwa Dar es Salaam, 2020–2021

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya matangazo ya afya yaliyotolewa kwa umma nchini Tanzania wakati wa janga la UVIKO-19, kati ya Machi 2020 na Julai 2021, ikijikita katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, hususani Kinondoni na Temeke. Suala linalochunguzwa ni namna matangazo hayo yalivyomjenga msikilizaji wake na nafasi waliyoachiwa wakazi ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Mfano unaotumika ni wa Wamaasai wanaofanya kazi za ulinzi, ususi na uuzaji wa dawa za asili jijini. Uhakiki unaongozwa na dhana ya umilisi wa mawasiliano ya Dell Hymes pamoja na hoja ya Mikhail Bakhtin kwamba kila usemi hujengwa ukimwelekea msikilizaji fulani. Makala inatetea hoja kwamba wakazi hao waliyasikia maneno ya matangazo lakini hawakusemeshwa nayo. Udhaifu huo ulikuwa na gharama kubwa zaidi pale ujumbe wa Serikali ulipobadilika, kwa kuwa tangazo lisilo na msemaji wala msemewa halina njia ya kujisahihisha.

1.0 Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa virusi vya korona amethibitishwa nchini Tanzania. Mgonjwa huyo alikuwa ameingia nchini siku moja kabla kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule. Katika wiki zilizofuata, Dar es Salaam ilijaa maneno mapya. Ndoo zenye koki zilipangwa mbele ya maduka, benki na vituo vya mabasi. Daladala zikaamriwa kubeba abiria waliokaa tu. Barakoa zikaanza kushonwa na mafundi cherehani wa mitaani. Redio, televisheni, mabango na magari ya matangazo yalirudia maagizo yaleyale: kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, kutumia vitakasa mikono, kuvaa barakoa, kuepuka msongamano na kupiga simu namba 199.

Maagizo hayo yamezoeleka kujadiliwa kwa kigezo cha uelewa: je, mwananchi anazijua dalili za ugonjwa na njia za kujikinga? Kigezo hicho kina manufaa yake, lakini kinamtazama msikilizaji kama chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Swali linalotangulia uelewa halijaulizwa vya kutosha: je, msikilizaji huyo alikuwa akisemeshwa? Mtu anaweza kuyaelewa maneno yote ya mazungumzo yanayopita mbele yake na bado akajua kwamba hayamhusu. Makala hii inalitumia swali hilo kuyahakiki matangazo kama matini, yaani kuchunguza msamiati wake, miundo yake ya sentensi, nafsi zake na ukimya wake.

2.0 Lugha Moja na Hadhira Moja

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 5,383,728. Idadi ya wasemaji wa kila lugha miongoni mwao haitajwi katika sensa hiyo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila la mtu, na uamuzi wa kuliondoa swali hilo ulikuwa sehemu ya ujenzi wa taifa. Ujenzi huohuo uliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya Serikali, ya elimu ya msingi na ya siasa, katika nchi ambayo Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, inaorodhesha takribani lugha 150.

Katika utangazaji, sera hiyo ina nguvu ya kisheria. Kanuni za maudhui zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinavitaka vituo vya redio na televisheni kutumia Kiswahili au Kiingereza. Hata redio ya jamii ya Orkonerei, iliyoanzishwa Terrat wilayani Simanjiro kwa ajili ya wafugaji wa Kimaasai, imefanya kazi chini ya kivuli cha kanuni hizo. Hivyo basi, janga lilipoingia, hapakuwa na mfumo rasmi ambao ungeweza kulifikisha tangazo la afya kwa lugha nyingine ya Kitanzania, hata kama wizara ingetaka kufanya hivyo.

Mkilifi (1972) aliieleza hali ya lugha nchini kuwa ya ngazi tatu: lugha ya jamii ikitumika nyumbani na katika mila, Kiswahili katika maisha ya umma, na Kiingereza katika elimu ya juu na utaalamu. Janga la UVIKO-19 lilizikutanisha ngazi zote tatu katika mwili wa mtu mmoja. Taarifa za ugonjwa zilizaliwa katika Kiingereza cha wataalamu, zikasafirishwa katika Kiswahili cha Serikali, na zilitakiwa kuishia pale ambapo mtu huuguza, huuguzwa na huzikwa, mahali ambapo kwa wengi lugha ya ngazi ya kwanza ndiyo yenye mamlaka. Safari ya ngazi ya tatu kwenda ya pili ilipewa wataalamu wa istilahi. Safari ya mwisho haikupewa mtu yeyote.

Mlinzi wa Kimaasai anayelala getini Mikocheni au Kawe, na msusi anayezunguka na kiti chake Tandika au Mbagala, wote wanakijua Kiswahili. Wanakitumia kupatana bei, kuomba kazi, kupokea fedha kwa simu na kugombana. Kwa kigezo cha sera, wamefikiwa. Ni kwa sababu hiyo mfano wao unafaa kwa uhakiki: unaonesha kilichobaki baada ya kikwazo cha kutojua lugha kuondolewa.

3.0 Misingi ya Uhakiki

Hymes (1972) alipinga fasili ya umilisi inayoishia katika kujua sarufi. Kwake, mjuzi wa lugha anajua pia nani anaweza kusema nini, kwa nani, wapi na kwa namna gani. Dhana hii inasaidia kutenganisha Kiswahili kinachojulikana na Kiswahili kinachomilikiwa. Aliyejifunza lugha hii sokoni na kazini anaimiliki rejesta ya soko na ya kazi. Rejesta ya ofisi, yenye vitenzi kama "kuaswa", "kuhimizwa" na "kuzingatia", ni nchi nyingine ndani ya lugha ileile.

Bakhtin anaongeza sharti la msemewa. Katika mtazamo wake, usemi haukamiliki kwa kutoka kinywani. Unaumbwa tangu mwanzo na taswira ya yule anayetarajiwa kuujibu. Kuhakiki tangazo kwa msingi huu ni kuitafuta taswira hiyo ndani ya matini: tangazo linadhani linasema na nani, na mtu huyo anaishi wapi, ana nini, na anaweza kujibu nini?

4.0 Uhakiki wa Matini

4.1 Ushauri usio na mshauri

Sifa ya kwanza inayojitokeza katika matangazo ya kipindi hiki ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Wananchi "wanashauriwa", "wanaaswa", "wanakumbushwa", "wanatakiwa". Kisarufi, miundo hii haina kasoro, na katika nyaraka za kiofisi ina dhima ya kuitenga mamlaka na mtu binafsi anayeisemea. Hata hivyo, katika utamaduni wa kushauri unaotawala jamii nyingi za Afrika Mashariki, uzito wa ushauri hutegemea anayeutoa. Ushauri wa shangazi kuhusu ndoa, wa mzee kuhusu mali na wa fundi kuhusu chombo hupokelewa kwa sababu mtoaji anajulikana na anaweza kurudiwa kuulizwa. Ushauri usio na mshauri hauna mlango wa kurudi.

Kwa mkazi mwenye ndugu hospitalini, rafiki mwandishi wa habari au simu yenye bando la kutosha, mlango huo ulikuwapo mahali pengine. Kwa mkazi ambaye sauti ya gari la matangazo ndiyo chanzo chake pekee cha kiofisi, kauli ya kutendwa ilikuwa mwanzo na mwisho wa mazungumzo.

4.2 "Maji tiririka" na nyumba inayodhaniwa

Kirai "maji tiririka" kinastahili kusomwa kwa makini. Kiswahili cha kawaida kingesema "maji yanayotiririka". Istilahi hii imeondoa viambishi vya upatanisho na kuacha nomino na shina la kitenzi, kama ilivyofanyika katika "kibuyu chirizi", jina la kifaa cha kunawia kinachotumika katika kampeni za usafi. Kwa mzawa wa lugha, ufupi huo ni wa kuvutia na unakumbukika upesi. Kwa aliyejifunza Kiswahili ukubwani akitoka katika lugha ya Kinailoti kama Kimaa, ambayo nomino zake hupambanuliwa kwa jinsi ya kiume na ya kike na haina ngeli za Kibantu, viambishi vya upatanisho ni miongoni mwa alama alizozipata kwa jasho ili kujua neno lipi linakwenda na lipi. Istilahi imemwondolea alama hiyo, kisha ikampa shina, "tiririka", ambalo halina kazi kubwa katika Kiswahili cha sokoni.

Tatizo la kirai hiki linaenda mbali zaidi ya umbo lake. Kinadhani kwamba maji yapo na yanatiririka. Katika sehemu nyingi za Tandale, Yombo na Mbagala, maji ya nyumbani hununuliwa kwa ndoo au kwa dumu la lita 20, na mtu huyatumia akihesabu. Mlinzi hutumia bomba la mwenye nyumba kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Agizo la kuepuka msongamano nalo linadhani mtu mwenye chumba chake, ilhali vijana wengi wanaohamia jijini hupanga chumba kimoja kwa pamoja na kulala kwa zamu. Nyumba iliyo ndani ya tangazo ina bomba, ina vyumba, na anayeagizwa ndiye mwenye mamlaka juu yake. Asiyekuwa na nyumba ya namna hiyo halazimiki kutoyaelewa maneno ili ajione yuko nje ya tangazo.

4.3 "Mwananchi" na "Masai"

Msemewa wa matangazo haya huitwa "mwananchi". Neno hili lina heshima kubwa katika historia ya Tanzania. Lilimpa mtu wa kawaida hadhi ya mwenye nchi mara baada ya ukoloni, na limewakusanya watu wa makabila mengi chini ya jina moja bila kumdhalilisha yeyote. Hakuna uhakiki wa haki unaoweza kulipuuza hilo.

Pamoja na hayo, getini na barabarani mtu huyohuyo ana jina jingine. Mwenye nyumba, mpita njia, kondakta na mtoto wa jirani humwita "Masai", kana kwamba kabila ndilo jina alilopewa na wazazi. Wapo walinzi wanaofanya kazi katika nyumba moja kwa miaka bila jina lao halisi kujulikana na wanaowalinda. Kwa hiyo mtu huyu anaishi kati ya miito miwili. Dola inamwita kwa neno linalomfuta kabila. Mtaa unamwita kwa neno linalomfuta kila kitu kingine. Katika miito yote miwili hakuna unaomwita yeye. Tangazo la afya liliuchukua mwito wa kwanza na kupitishwa mtaani na watu waliozoea mwito wa pili.

Pengo hilo linaeleza kwa nini kutafsiri mabango peke yake kusingetosha. Bango la Kimaa lililobandikwa Kariakoo lingeweza kumwambia mlinzi kwamba lugha yake inajulikana serikalini. Lisingeweza kumwambia nani amuulize kama kikohozi chake ni vumbi au ni ugonjwa, wala nani atakaa getini siku atakapokwenda kupima.

4.4 Mlinzi aliyegeuzwa kipaza sauti

Kinaya kikubwa cha kipindi hiki kilionekana katika ndoo ya kunawia. Ilipowekwa mlangoni mwa duka, benki, ofisi au nyumba ya kupanga, ilihitaji mtu wa kusimamia unawaji, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mlinzi. Yeye ndiye aliyemzuia mgeni na kumwambia anawe kwanza. Mlolongo mzima wa mawasiliano, kuanzia Shirika la Afya Duniani, ukapitia wizara, mkoa, wilaya na mtaa, uliishia katika kinywa cha mtu ambaye matangazo hayakuwa yamemfikiria kama msemewa.

Kimawasiliano, nafasi hiyo ni ya ajabu. Mlinzi aliujua ujumbe kwa moyo, aliusema mara nyingi kwa siku kuliko afisa afya yeyote, na alisimama karibu na watu wengi zaidi ya waliosimama mbele ya kamera. Lakini aliupokea kama amri ya kazi: kitu cha kuwaambia wengine kwa niaba ya tajiri, sawa na agizo la kuandika jina la mgeni daftarini. Ujumbe uliokuja kwa sura ya amri ya kazi huisha zamu inapoisha. Hapa ndipo kigezo cha uelewa kinapokwama kabisa. Mlinzi huyo angeulizwa dalili na njia za kujikinga angezitaja zote bila kosa, na mpimaji angeandika kwamba jamii yake imefikiwa.

5.0 Tangazo Lililobadilika na Tangazo Lililonyamaza

Udhaifu ulioelezwa ungeweza kubaki suala la mtindo endapo ujumbe ungebaki uleule. Haukubaki. Tarehe 3 Mei 2020, akizungumza Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya maabara ya taifa, akieleza kwamba sampuli zilizotoka kwa papai na mbuzi zilipimwa kwa siri na kutoa majibu ya maambukizi. Utoaji wa takwimu ulikoma wakati hesabu ya nchi ikiwa imefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Juni Rais alitangaza kuwa ugonjwa umeondolewa kwa maombi. Kujifukiza kwa nyungu kulipata hadhi ya kitaifa. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa tena Chato, Rais alionya dhidi ya chanjo kutoka nje. Alifariki dunia Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, siku nne baada ya nchi kupokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson kupitia mpango wa COVAX. Septemba mwaka huohuo ulianza Mpango Shirikishi na Harakishi wa kusogeza chanjo karibu na wananchi.

Katika muda wa miezi kumi na sita, kwa hiyo, sauti ileile ilisema kwamba kuna hatari, kisha kwamba hatari imekwisha, kisha kwamba kinga ya kigeni ndiyo hatari, kisha kwamba kinga hiyo ni salama. Kauli ya kutendwa ndiyo iliyowezesha mageuzi haya kupita bila maelezo. Pale ambapo hakuna mtu aliyesema "nawashauri", hakuna anayelazimika kusema "nilichowashauri jana kimebadilika kwa sababu hii". Wananchi waliokuwa wakishauriwa kitu kimoja walianza tu kushauriwa kingine.

Lugha ya kipindi cha ukimya inaonesha jambo jingine. Mwanzoni mwa mwaka 2021, vifo vilipoongezeka mitaani, kirai "changamoto ya upumuaji" kilishika nafasi ya jina la ugonjwa katika matangazo ya misiba na mazungumzo ya kiofisi. "Changamoto" ni neno la semina na ripoti. Humaanisha tatizo ambalo mzungumzaji anataka lionekane linatatulika. Mzawa wa rejesta hiyo aliusoma ugonjwa ndani ya tafsida bila shida. Aliyekijua Kiswahili cha kazini alilijua neno "ugonjwa", na neno hilo ndilo lililoondolewa. Tafsida hufanya kazi kwa wale tu wanaoshiriki siri yake. Kwa wengine ni ukimya.

Uundaji wa istilahi nao haukusaidia. UVIKO-19, kifupisho cha Ugonjwa wa Virusi vya Korona kilichoidhinishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), kilienea katika nyaraka za Serikali wakati mitaa ilikwisha kuzoea "korona". Kikilinganishwa na UKIMWI, upungufu wake unaonekana. Ndani ya UKIMWI kuna upungufu, kuna kinga, kuna mwili; aliyefumbuliwa kifupisho hicho mara moja amepata maelezo ya ugonjwa wenyewe. Hata hivyo, kabla ya jina hilo rasmi watu wa Kagera, mkoa ulikoripotiwa wagonjwa wa kwanza nchini mwaka 1983, walikuwa wameuita ugonjwa "Juliana", jina la kitambaa cha biashara ya magendo, wakiuweka ndani ya uzoefu wao wa mpakani. Jamii hulipa gonjwa jina ili iweze kulizungumzia. UVIKO-19 lilikuja kama jina la pili kwa jambo ambalo miezi mingi lilikuwa limekatazwa kuwa na la kwanza.

6.0 Maarifa Yasiyoulizwa

Matangazo yalizichukulia jamii za wafugaji kama mahali pa kupeleka maarifa. Historia inaonesha kwamba zilikuwa pia mahali pa kuyachota. Wamaasai wanalo neno, *emutai*, kwa kipindi cha mwishoni mwa karne ya 19 ambapo homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, ndui na njaa vilifuatana na kuteketeza mifugo na watu. Kumbukumbu ya kipindi hicho imebeba ujuzi mahususi: kwamba ugonjwa husafiri na wanaosafiri, kwamba kundi lililougua hutengwa na maji na malisho ya wengine, na kwamba kuchelewa kutenga ni kupoteza kundi zima.

Ujuzi huo haukubaki katika simulizi. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa chanjo ya ndigana kali tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakilipia wenyewe kwa kila ndama, kwa sababu wameyaona matokeo yake. Kijana aliyetoka Simanjiro kuja kulinda geti Kinondoni huenda amewahi kushika ndama achanjwe. Analijua wazo la kuupa mwili ugonjwa kidogo ili uushinde ugonjwa mkubwa, na analijua kwa mikono. Hata neno la Kiswahili, "chanjo", lenye mzizi katika kuchanja ngozi, lingemfikia kwa njia hiyo kuliko kwa njia ya mabango yenye picha ya sindano na mtu wa mjini anayetabasamu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika muktadha huu methali hiyo ina maana ya kitabibu. Jiji lilikuwa na wageni waliorithi elimu ya karne nzima ya kuishi na magonjwa ya mlipuko, na mawasiliano ya afya yakawapa kazi ya kushika ndoo.

7.0 Hatari ya Kutaja Kabila

Hoja inayopinga uhakiki huu ni nzito na inapaswa kusikilizwa. Kuisemesha jamii kwa jina lake wakati wa ugonjwa ni hatua moja kutoka kuihusisha na ugonjwa. Mfano uko karibu. Tarehe 6 Mei 2020, Serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Eastleigh jijini Nairobi, mtaa wenye Wasomali wengi, na Mji wa Kale wa Mombasa, wenye Waswahili na watu wenye asili ya Kiarabu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu, yaani ongezeko la maambukizi katika maeneo hayo. Lakini kwa jamii ambazo uraia wao umetiliwa shaka kwa miongo mingi, uzio haukuweza kusomwa kitabibu peke yake. Kenya ina redio nyingi zinazotangaza kwa lugha za jamii. Wingi huo haukuzizuia jamii hizo kujihisi zimenyooshewa kidole.

Ikitazamwa kwa upande huo, sera ya Tanzania ya kutotaja kabila ilifanya kazi ya kulinda. Hakuna mtaa wa Dar es Salaam ulioitwa mtaa wa korona wa kabila fulani, na fadhila hiyo imetokana na neno "mwananchi". Anayetaka kuivunja sera hiyo kwa jina la mawasiliano bora anawajibika kueleza ataweka nini mahali pa kinga hiyo.

Jibu linalopendekezwa na uhakiki huu ni kutofautisha kutaja na kusemesha. Kutaja ni kusema *juu* ya jamii mbele ya wengine. Kusemesha ni kusema *na* jamii kupitia watu wake. Uzio wa Eastleigh ulikuwa ni kutaja. Kumwomba laigwanani anayeheshimiwa na vijana wa rika lake waliopo Temeke akae na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kuuliza maswali na kuyarudisha majibu kwa watu wake, ni kusemesha, na hakuhitaji bango, takwimu ya kabila wala tangazo la redio. Serikali ya mtaa, yenye mwenyekiti na wajumbe wanaojulikana kwa majina, ina muundo wa kutosha kubeba kazi hiyo. Kinachokosekana ni kuihesabu kazi hiyo kama sehemu ya mawasiliano ya afya, yenye bajeti na muda wake, kabla ya ugonjwa kuingia.

8.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba matangazo ya UVIKO-19 yaliyotolewa kwa Kiswahili yalieleweka kwa wengi na yalimsemesha mtu mmoja: mwenye bomba, mwenye chumba, mzawa wa rejesta ya ofisi na mwenye mahali pengine pa kuuliza. Mkazi wa lugha ya wachache aliyekijua Kiswahili alipata maneno bila kupata nafasi ya kujibu, na katika mfano wa mlinzi alipewa kazi ya kuyapaza. Aidha, umbo la matangazo, hasa kauli ya kutendwa na tafsida, liliuruhusu ujumbe kugeuka mara kadhaa bila mtu yeyote kuwajibika kueleza mgeuko huo.

Suala hili halikwisha na janga. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa wilayani Bukoba, mkoani Kagera, katika jamii ambako Kihaya ndiyo lugha ya msiba na ya uuguzaji. Wagonjwa tisa walihesabiwa na sita walifariki, kabla ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni. Ugonjwa unaoambukizwa kwa kumgusa mgonjwa na maiti hauwezi kudhibitiwa kwa lugha ambayo watu hawaitumii wanapouguza na kuzika. Kwa watafiti wa isimujamii na mawasiliano ya afya, kazi inayofuata ni kukipima kile ambacho kigezo cha uelewa hakikioni: baada ya tangazo kupita, nani alikuwa na mtu wa kumuuliza, kwa lugha gani, na kama mtu huyo aliyeulizwa alilijua jina la muulizaji.